Gawio linakatwa 5%, faida ya kuuza hisa haikatwi kitu. Mbona basi mwenye gawio ndiye anayebaki na hela?

Karani_Mstaafu

Habari za jioni wanajamvi.

Juzi kijana wa jirani kaja kwangu simu mkononi, kanuna. Ana hisa 10,000 za benki ya CRDB. Alisikia gawio, yaani mgao wa faida kwa wanahisa, la mwaka 2024 ni sh 65 kwa hisa, akapiga hesabu yake kichwani: 650,000. Kwenye akaunti ikaingia 617,500. "Mzee, hizi 32,500 kala nani?" Nikamwambia kala TRA, mamlaka ya mapato, na kala kihalali. Hakuridhika. Akasema basi yeye kuanzia leo gawio halitaki, atafuata bei tu: ananunua hisa, zikipanda anauza, maana kasikia huko hakuna kodi.

Kweli kasikia vizuri. Ila nimekaa na kalamu yangu nikaona kijana anakimbia mvua kwenda kujificha mtoni. Ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Sheria kwanza, kwa kifupi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam (DSE) inapokulipa gawio inazuia 5% na kuipeleka TRA. Kampuni isiyoorodheshwa inazuia 10%. Kwako wewe mtu binafsi mkazi, kodi hiyo ya zuio ni ya mwisho: huijazi kwenye ritani ya kodi ya kila mwaka, haichanganywi na mshahara wako, hakuna atakayekudai tena. Kijana wangu kwa 32,500 yake kamalizana na serikali.

Ukiuza hisa za DSE kwa faida, mkazi hulipi kodi ya ongezeko la mtaji. Sheria inapotaja mali za uwekezaji ambazo faida yake inatozwa, imezitoa nje hisa za kampuni zilizoorodheshwa DSE zinazomilikiwa na mkazi. Hata asiye mkazi zimetolewa, mradi yeye na washirika wake wasimiliki 25% au zaidi ya kampuni.

Kwa hiyo 5 kwa 0. Ukiishia hapo, kijana kashinda.

Sasa tuone daftari. Tuseme wawili wamenunua hisa 10,000 za kampuni ileile kwa sh 500. Ni milioni 5. Mimi karatasi zangu za dalali, ukijumlisha kamisheni, tozo za soko, za mamlaka, za mfuko wa fidia, za hifadhi ya hisa na VAT juu yake, zinakuja karibu 2.4% kwa muamala mdogo. Kununua tu kila mmoja kaacha 120,000 mezani.

Mwaka umepita. Bei imefika 560. Wa kwanza anauza: 5,600,000. Faida ya bei 600,000, kodi sifuri. Lakini kuuza nako ni 2.4%, yaani 134,400. Jumlisha na zile za kununua: 254,400. Katika faida yake ya laki 6, kimemtoka 42%. Amebaki na 345,600.

Wa pili hakuuza. Kampuni imetoa gawio la sh 60 kwa hisa: 600,000. TRA wamechukua 30,000. Amebaki na 570,000, na hisa zake bado anazo. Zile 120,000 za kununua na yeye alilipa, ila alilipa mara moja, na mwakani gawio likija halilipi tena.

Huyu asiyetozwa kodi ndiye aliyenyolewa. Karibuni.

---

Bint_Msasani

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili nikacheka peke yangu ofisini. Hiyo 42% imeniuma kama hela ni yangu.

---

Fundi_Vyuma

Mkuu heshima yako, ila hapo umechagua mfano unaokupendelea. Nani ananunua hisa auze baada ya mwaka kwa ongezeko la sh 60? Mimi CRDB nilinunua tangu zilipotoka 2009 kwa sh 150, wazee wakasema tunatupa hela. Aliyekaa nazo muulize kama ananung'unikia kamisheni. Weka mfano wa miaka kumi tuone.

---

Karani_Mstaafu

@Fundi_Vyuma umenishika penyewe, na nilikuwa nakusubiri.

Hisa zilezile 10,000, bei imetoka 500 ikafika 1,500. Unauza milioni 15. Gharama za kununua 120,000, za kuuza 360,000 (kiwango cha dalali hushuka kwenye muamala mkubwa, lakini tuache hivyohivyo). Jumla 480,000 katika faida ya milioni 10. Ni 4.8%.

Umeona hiyo namba? Bei imepanda mara tatu ndipo gharama ya kuingia na kutoka imelingana na ile 5% ya mwenye gawio. Chini ya hapo, mfukuza bei anaumia kuliko mla gawio. Juu ya hapo, anaanza kumzidi. Kwa hiyo wewe wa 2009 umetoka salama kabisa. Kijana wangu anayetaka kuingia Machi atoke Juni hatoki.

---

Mkulima_Songea

Naomba kueleweshwa wakuu. Kwa nini hilo gawio likatwe kabisa? Kampuni si imeshalipa kodi yake?

---

Karani_Mstaafu

Imelipa ndugu yangu, na hilo ndilo lalamiko la zamani kuliko yote. Kampuni ikipata faida ya 100, kodi ya kampuni ni 30. Zinabaki 70. Ikizitoa zote kama gawio, 5% ya 70 ni 3.5. Mfukoni mwako 66.5. Shilingi ileile imepita milango miwili.

Ikiamua kutotoa, zile 70 zinabaki ndani ya kampuni zinafanya kazi. Ikifungua matawi, ikakopesha, ikapata faida zaidi, thamani inaingia kwenye bei ya hisa, na bei hiyo siku ukiuza DSE haina kodi. Kwa hiyo kampuni inayobakiza faida inaweza kukuahirishia mlango wa pili.

Ila sharti ijue cha kufanya na hizo hela. Kampuni ya sigara au bia yenye soko lake tayari itajenga nini kipya kila mwaka? Bora inigawie, nikatwe 5%, nikanunue kingine. Benki inayokua ni habari nyingine. Na ukumbuke ukichukua gawio ukaenda kununulia hisa zilezile, umekatwa 5% halafu dalali kakukata 2.4% juu. Hapo ingekuwa heri wangekaa nazo.

---

Kijiwe_Posta

Nimeweka kambi hapa.

---

Nyota_ya_Kariakoo

Ngoja niwape ushuhuda wangu, mnicheke tu. Mimi nilijiona mjanja. Nilisoma tangazo kwamba daftari la wanahisa linafungwa tarehe fulani, aliyemo siku hiyo ndiye anapata gawio, sh 50. Nikasema nanunua wiki moja kabla, nachukua gawio, nauza wiki inayofuata. Nikachukua hisa 8,000 kwa 600. Milioni 4 na laki 8, hela ya mzigo wa dukani.

Gawio lilikuja 400,000, wakakata 20,000, nikapata 380,000. Nikashangilia. Kufungua soko baada ya daftari kufungwa, bei 550. Nikasubiri irudi, wapi. Mzigo wa duka unataka hela. Nikauza 4,400,000. Na kuuza kwenyewe dalali wangu alinizungusha siku kadhaa, kila nikipiga simu "oda ipo kwenye foleni mama".

---

Karani_Mstaafu

Pole sana dada. Nimekupigia hesabu, naomba usinichukie. Bei imekula 400,000. Kununua na kuuza kumekula 220,800. Umeingiza 380,000. Umepoteza 240,800.

Na kuna la kuuma zaidi. Ile laki 4 iliyopotea kwenye bei huwezi kuitumia kupunguza kodi yoyote. Faida yake ingekuwa haitozwi, kwa hiyo hasara yake nayo haitambuliwi. Ila gawio limekatwa kodi kama kawaida. Umelipia kodi kwenye biashara iliyokutia hasara.

Wale walionunua Vodacom 2017 kwa sh 850 kisha wakauza kwa bei ya chini wanalijua hili. Msamaha wa kodi una pande mbili.

Bei kushuka baada ya daftari kufungwa si uchawi wala si njama. Jana hisa ilikuwa na sh 50 ndani yake, leo haina. Anayenunua leo atailipiaje?

---

Nyota_ya_Kariakoo

😂😂 Nimekubali. Siku hizi nanunua vitenge.

---

Kaloleni254

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu tunasema ushuru, kodi ni ile ya nyumba, kwa hiyo nikisoma "TRA wamechukua kodi" nafikiria landilodi 😄

Huku mambo yanafanana sana. Mgao wa hisa kwa mkazi unakatwa 5% na ndiyo ya mwisho. Nina hisa 10,000 za Safaricom, mgao wa mwaka wa fedha ulioisha Machi 2025 ulikuwa jumla ya sh 1.20 kwa hisa, yaani sh 12,000, wakakata 600. Mgeni asiye mkazi anakatwa 15%, ilipanda kutoka 10% mwaka 2020. Lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anakatwa 5% kama sisi. Kwa hiyo Mtanzania mwenye hisa za benki yetu ya KCB asikubali kukatwa 15%. Hakikisha uraia wako umeandikwa vizuri kwenye akaunti yako ya CDS, ile inayohifadhi hisa zako.

Upande wa faida ya kuuza tulipitia kizungumkuti. Ushuru huo ulisimamishwa 1985, ukarudishwa Januari 2015 kwa 5%, na hisa za soko la Nairobi zikaingizwa ndani. Madalali wakaenda mahakamani, maana dalali ndiye angelazimika kujua mteja alinunua kwa bei gani miaka ya nyuma. Fikiria mtu aliyerithi hisa za babake, hana risiti hata moja. Mwaka uleule Bunge likaziondoa hisa zilizoorodheshwa. Mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi 15% kwa ploti na hisa za kampuni za kibinafsi, lakini sisi wa soko la hisa tulishatoka.

---

Karani_Mstaafu

@Kaloleni254 asante sana jirani. Hilo la risiti za babake ndilo linanifanya nielewe kwa nini serikali hazihangaiki na faida za hisa za soko. Kodi ya gawio inakusanywa na kampuni moja kwa watu maelfu, kwa siku moja. Kodi ya faida ya kuuza inataka kila mtu alete historia yake.

Ila Mtanzania mwenye KCB asimalizie hapo. Msamaha wa "kodi ya mwisho" nilioutaja ni wa gawio la kampuni mkazi wa hapa. Gawio la kampuni ya nje linaingia kwenye mapato yako, na kile kilichokatwa huko unakidai kama punguzo la kodi ya hapa. Karatasi ya makato itunze.

---

Mzigo_Mzito

Mzee mimi siko DSE. Tuna kampuni ya familia ya kusaga na kufungasha unga, wanahisa wanne. Mmoja anataka kutoka, ananiuzia mimi. Hizi habari za sifuri zinanihusu?

---

Karani_Mstaafu

Hapana, na hapa watu wengi wanajikwaa. Mlango wa sifuri ni wa DSE tu. Kwenu gawio linazuiwa 10%. Na ndugu yako akiuza hisa kwa faida, hiyo faida inatozwa 10% kwa mkazi, na inalipwa kabla ya hisa kuhama jina. Kama hisa zilimgharimu milioni 20 na unampa milioni 50, faida ni 30, kodi ni milioni 3. Bila cheti cha TRA, BRELA, wasajili wa kampuni, hawakubadilishii kitu.

Kwa hiyo kwenu nyinyi ni 10 kwa 10. Hapo swali la gawio au kuuza halina uzito wa kodi kabisa, lina uzito wa undugu. Kaeni mmalizane vizuri.

Kama mwanahisa ni kampuni nyingine ya hapa nchini yenye 25% au zaidi, gawio linazuiwa 5%. Lakini umesema ni watu wanne, basi haiwahusu.

---

Mzigo_Mzito

Sasa kwa nini mali ileile, hisa, kwa mwenye soko sifuri na kwangu kumi? Mimi ndiye naajiri vijana 14.

---

Karani_Mstaafu

Kwa sababu serikali inataka kampuni ziende sokoni, na huo ndio mtego wenye chambo. Kama ni haki au si haki, mimi naona una hoja. Soko limeanza biashara mwaka 1998 na hadi leo kampuni zilizoorodheshwa unaweza kuzisoma zote kabla chai haijapoa. Chambo kipo, samaki hawaji.

---

Chati_na_Mishumaa

Mzee karani umesahau sisi tunaouza na kununua kila wiki. Mimi nimeacha kazi, hii ndiyo kazi. Sifuri yangu iko palepale?

---

Karani_Mstaafu

Wewe nilikuwa nakuhofia. Soma tena nilichoandika mwanzo: hisa za DSE zimetolewa kwenye *mali za uwekezaji*. Lakini sheria inasema pia kwamba mali ya biashara na bidhaa za kuuza si mali za uwekezaji, zina mlango wake. Mtu anayeishi kwa kununua na kuuza hisa anaweza kuulizwa: huyu ni mwekezaji, au ni mfanyabiashara ambaye bidhaa yake ni hisa, kama mwingine anavyouza mchele? Akionekana ni wa pili, faida ni mapato ya biashara, na viwango vya mtu binafsi vinapanda hadi 30%.

Sikutishi. Lakini mtu aliyeacha kazi akaandika mtandaoni kwamba hii ndiyo kazi yake, akamwone mshauri wa kodi mwenye leseni. Na kwa gharama za 4.8% kuingia na kutoka kila wiki, sijui unamfanyia kazi nani, wewe au dalali.

---

Chati_na_Mishumaa

Duh. Ngoja nifute komenti 😅

---

Dada_Houston

Jamani sisi wa ughaibuni mmetusahau. Niko Texas miaka 11, nina green card, na nina hisa za benki ya NMB ya huko nyumbani. Gawio la 2024 lilikuwa sh 428.85 kwa hisa. Hisa zangu 1,000 zilinipa 428,850, zikakatwa 21,442 na senti, nikafikiri nimemaliza. Mhasibu wangu huku akaniambia ndiyo kwanza tunaanza.

Marekani inamtoza mkazi wake kwa mapato ya dunia nzima. Wana viwango vya chini vya gawio, 0, 15 au 20, lakini kwa kampuni ya nje ni lazima iwe ya nchi yenye mkataba wa kodi na Marekani, au hisa zake ziuzwe kwenye masoko ya huku. Tanzania haina mkataba huo na NMB haiuzwi New York. Kwa hiyo gawio langu linatozwa kama mshahara. Ile 5% ya TRA naidai kama punguzo, ndiyo faraja pekee.

Lakini nikiziuza baada ya kukaa nazo zaidi ya mwaka, faida inaingia kwenye viwango vile vya chini. Kwangu mimi hesabu ya mzee imegeuka. Nataka bei ipande, gawio lije dogo.

---

Karani_Mstaafu

@Dada_Houston umenifundisha. Hisa ni ileile na gawio ni lilelile, ila mtu kahama tu mji na jibu limepinduka. Ningejua ningeandika kichwa cha uzi tofauti.

---

Bint_Msasani

Na sisi tuliopo hapa tunaonunua hisa za Marekani kwenye programu za simu? Nimepata gawio la dola 10, likaja 7.

---

Dada_Houston

Hiyo ni 30% ya asiye mkazi wa Marekani. Nchi zenye mkataba zinapata nafuu, Tanzania na Kenya hazimo. Ukiuza kwa faida Marekani kwa kawaida haikukati kitu.

---

Karani_Mstaafu

Na usiseme "basi sifuri". Marekani haikukati, lakini hizo si hisa za DSE, na wewe ni mkazi wa Tanzania. Faida hiyo ni mapato yako ya kuripoti hapa. Kwenye gawio ile 30% iliyokatwa huko unaidai kama punguzo, lakini halivuki kodi ya hapa kwenye mapato hayo. 

---

Bint_Msasani

Kwa hiyo hisa za Marekani gawio 30, za hapa 5. Na mimi nilikuwa nanunua zile zinazolipa gawio kila mwezi kwa sababu inapendeza kuona meseji ikiingia.

---

Fundi_Vyuma

Meseji ya dola 7 😂

---

Mkulima_Songea

Mzee swali la mwisho. Mimi nina milioni 3 baada ya mahindi, naihitaji kidogokidogo kila mwaka kwa ada ya mtoto, miaka sita. Kodi tu, sisemi faida: hisa, akaunti ya muda maalumu au hatifungani?

---

Karani_Mstaafu

Kodi tu basi. Akaunti ya muda maalumu benki, riba inazuiwa 10%. Gawio la DSE 5%. Riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ina msamaha, hukatwi.

Lakini ada ina tarehe, na gawio halina. Kampuni ikiamua mwaka huu haitoi, mwalimu mkuu hatasubiri mkutano mkuu wa wanahisa. Hatifungani inalipa riba mara mbili kwa mwaka, tarehe unaijua tangu siku ya kununua. Kwa ada mimi ningeanzia hapo, hisa zije kwa hela isiyo na mwenyewe.

Kijana wa jirani kapita sasa hivi nikamsomesha uzi huu mpaka hapa. Kasema hauzi tena Juni. Halafu kaniuliza kama anaweza kudai zile 32,500 zirudishwe.